Jioni Zinazoanza Saa Kumi

Kabla baridi haijamsumbua mama yangu, saa ndiyo iliyomsumbua. Alifika kwetu Minneapolis kutoka Tanga katikati ya Desemba 2022, na siku yake ya tatu, akiwa ameketi karibu na dirisha, aliniita. "Mwanangu, hebu njoo uniangalizie. Nje giza linaingia, na saa yangu inasema kumi na nusu. Imekufa hii?" Nikamwambia saa yake ni nzima, jua la huku ndilo linalowahi kulala. Alilitazama dirisha kitambo, kisha akanyanyuka akaenda kutia udhu. Magharibi ilikuwa imefika.

Kwetu pwani saa ni jua. Likichomoza tunaanza kuhesabu, likizama tunaanza upya. Saa kumi na mbili ya asubuhi na saa kumi na mbili ya jioni ni nguzo mbili, na siku imetundikwa kati yake kama kamba ya kuanikia nguo. Minneapolis iko latitudo 45 kaskazini, nusu ya njia kutoka ikweta hadi ncha ya dunia, na huku nguzo hizo husogeleana. Tarehe 21 Desemba jua huchomoza saa mbili kasoro dakika 12 na kuzama saa kumi na dakika 34. Mchana wote hautimizi saa tisa. Mama, ambaye hacheleweshi swala, aliona adhuhuri, alasiri na magharibi zikifuatana ndani ya saa nne na nusu, kama watoto waliopishana mwaka mmoja mmoja.

Kisha unakuja usiku, saa kumi na tano za giza. Nataka kuzungumzia zile saa tano au sita za mwanzo, baada ya jua kuzama na kabla ya watu kulala, wakati nje kuna theluji na hakuna pa kwenda. Nimeishi nazo miaka mingi bila kujua zina kazi gani.

Lugha yetu iliipa theluji jina zamani, wakati wengi wetu hatukuwa na njia ya kuiona. Iliipa hata majina mawili. Theluji imetoka Kiarabuni, barafu imetoka kwa Waajemi, na huko yalikotoka majina yote mawili yaliweza kutaja kitu kilekile cheupe kinachoanguka kutoka mawinguni. Sisi tukayagawa: theluji tukaiacha mlimani, barafu tukaileta mtaani, ndani ya friza. Lakini kuna jina la tatu. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai karibu na Mombasa, aliuona weupe wa kilele cha Kilimanjaro, na aliandika kwamba mwongozaji wake aliuita kwa neno moja tu: baridi. Mabingwa wa jiografia kule London, William Desborough Cooley akiwa mmoja wao, walikataa kwa miaka kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Yule mwongozaji alikuwa ameshasema kitu hicho kinavyokuwa kwa mtu anayekigusa.

Neno hilo la tatu ndilo nililokuja nalo Marekani. Theluji kwangu ilikuwa baridi tu, na baridi ilikuwa adui. Tulimpangia mbinu adui huyo kila Novemba: makoti, buti, soksi za sufu, bili ya hita, na zamu za ziada kazini, maana tuliona heri kuutumia msimu kutafuta fedha kuliko kuukalia. Mimi nahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunzia, mara nyingi zamu ya usiku. Mume wangu anaendesha lori. Tuliyapita majira ya baridi kama mtu anayevuka mto wenye mamba: haraka, na bila kutazama chini.

Januari 2019 hewa ya ncha ya dunia ilishuka hadi kwetu. Asubuhi ya tarehe 30 kipimajoto cha Minneapolis kilisoma nyuzi 33 za sentigredi chini ya sifuri. Shule zilifungwa siku kadhaa. Hata barua hazikusambazwa. Mume wangu hakwenda barabarani, nami nilikuwa na mapumziko, na nikajiambia kwamba leo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, tuko pamoja. Jioni ile nilisimama katikati ya nyumba nikasikiliza. Mwanangu, wakati huo ana miaka kumi, alikuwa chumbani na mchezo wake wa kompyuta. Binti yangu wa miaka mitano alikuwa na katuni. Baba yao alikuwa akitazama mpira wa Uingereza kwenye simu, na simu yangu ilikuwa imejaa salamu za Tanga. Watu wanne, vioo vinne. Baridi ilikuwa imetufungia mlango mmoja lakini haikuwa imetukusanya.

Nilihuzunika, na sikujua dawa yake. Nilijaribu kuagiza: leo hakuna simu, njooni sebuleni tuongee. Walikuja, wakaketi, wakasubiri niseme. Mazungumzo hayaji kwa amri. Mtu anayetazamwa usoni na kuambiwa "haya, zungumza" hufunga mdomo, na mtoto ndiye zaidi.

Mama alikuja na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo zake. La pili lilikuwa na ubuyu, ukwaju, kanga za zawadi, na furushi la ukindu: mwingine umetiwa rangi ya zambarau, mwingine kijani, mwingine mwekundu, na mwingi umeachwa na weupe wake. Ulikaguliwa forodhani ukapita. Mama husuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, tangu utotoni, na hajawahi kusafiri mikono mitupu. Jioni ya nne alitandika kanga sakafuni karibu na hita, akanyoosha miguu, akachagua miyaa, akaanza. Mwaa wa kwanza ukakatika. Akachukua wa pili, ukalia kacha. Wa tatu ulipasuka katikati kabla hajaukunja. Akaniangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

Ukindu haukuwa na kosa. Hewa ikiwa ya baridi sana hubeba unyevu mdogo mno, na ikiingia ndani ikapashwa moto na hita, unyevu uleule mdogo unakuwa si kitu. Hewa inageuka kiu. Inanyonya midomo, inapasua visigino, inakausha mbao za sakafu mpaka zinalia usiku, na ilikuwa imeunyonya ukindu wa Mama. Tanga, hewa ya bahari ndiyo iliyokuwa ikimlainishia kazi miaka yote, naye hakuwahi kuihesabu miongoni mwa vifaa vyake.

Alitafuta dawa kwa siku mbili. Mwishoni aliloweka taulo katika maji ya vuguvugu, akaliminya, akauviringisha ukindu ndani yake, akauweka bafuni, chumba pekee chenye unyevu katika nyumba yetu. Jioni alitoa miyaa michache tu kwa wakati mmoja, na kando ya goti lake akaweka bakuli la maji. Kila akisuka shibiri moja, alichovya vidole akaupangusia ukili.

Bakuli hilo ndilo lililoanza kutukusanya. Binti yangu, sasa ana miaka tisa, alipita kuelekea jikoni akasimama. "Bibi, kwa nini unaosha vidole?"

"Sivioshi, mke mwenzangu," Mama akamjibu. "Naunywesha ukili."

Mtoto akachuchumaa. Siku ile alipewa kazi ya kulijaza bakuli. Kesho yake alipewa kazi ya kuchambua rangi. Siku ya tatu Mama alimwanzishia ukili wake mwembamba wa miyaa michache, akamshikisha, akakaa nyuma yake na kuizungusha mikono yake juu ya mikono ya mjukuu. Walikuwa kama mtu mmoja mwenye vidole ishirini.

Binti yangu, kama watoto wengi waliozaliwa huku, alikuwa akisikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Mama hajui Kiingereza, na ukili hausukwi kimya. Lowesha. Kunja. Pitisha chini. Kaza, usivute. Legeza kidogo. Rudi ulipokosea. Mimi nilikuwa nimenunua vitabu, nilikuwa nimebandika maneno ukutani, nilikuwa nimegomba. Vitenzi hivi vya Mama viliingia kwa njia ya vidole na havikutoka tena. Wiki ya pili ya Januari nilikuwa jikoni nikamsikia mlangoni akimfunga kaka yake kamba za viatu vya kutelezea barafuni, kwani majira ya baridi jiji humwaga maji katika viwanja vya bustani yakaganda, watoto wakateleza. "Usivute," alikuwa akimwambia. "Kaza." Nilizima jiko nikasimama hapohapo.

Kiswahili kina neno uraibu kwa kile ambacho mtu hupenda kukifanya katika wasaa wake. Wazee wa pwani waliujua uraibu kwa tambuu: jani, popoo na chokaa, vikitafunwa taratibu barazani. Leo vijana wanalisikia neno hilo zaidi linapotajwa pamoja na dawa za kulevya. Nimelifikiria sana jambo hili usiku nikiwa kazini. Maana zote hizo zinasema habari moja, ya kitu kinachomshika mtu. Ila tambuu ilikuwa na sahani yake, na sahani ilizunguka. Mwenyeji alimpa mgeni, mgeni akampa jirani yake, na kinywa kilichotafuna kilikuwa kinywa kinachozungumza. Uraibu mwema ni ule unaoweza kupitishwa kwa mkono. Kioo cha simu kinamshika mtu mmoja na kumwondoa. Bakuli la maji la Mama lilimshika mmoja, likaacha nafasi pembeni.

Siku moja karibu na mwisho wa Desemba theluji ilianguka bila upepo. Theluji ya namna hiyo haishuki moja kwa moja, hutua kwa kusitasita, kama inayochagua mahali. Mama alikuwa hajataka kutoka nje ila kwa lazima. Siku hiyo alivaa koti langu zito, na juu ya koti akavaa buibui lake, maana hatoki nje bila buibui, akasimama kwenye ngazi za nyuma. Akaunyoosha mkono. Kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimeshapoa, theluji ilitua juu yake isiyeyuke.

Binti yangu alirudi ndani mbio akatoka na kioo cha kukuzia alichokuwa amepewa kwa masomo ya sayansi. "Bibi, usitikisike!" Akainama juu ya mkono ule mweusi. Nami niliinama. Juu ya weusi wa buibui kila chembe ilionekana peke yake. Moja ilikuwa nyota yenye ncha sita, na kila ncha ina matawi madogo yaliyopangana pande mbili kama unyoya. Nyingine ilikuwa kibao chembamba cha pande sita, wazi kama kioo cha saa. Nyingine ilikuwa imevunjika ncha mbili njiani. Tulihesabu nyingi, na kila iliyokuwa nzima ilikuwa na sita. Hazipati tano wala nane, kwa sababu molekuli za maji zikiganda hushikana kwa mpangilio wa pande sita, na nyota inayokua mawinguni hufuata msingi huohuo. Zile zenye matawi mengi hukua vizuri zaidi hewa ya juu inapokuwa karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Mama alikiomba kioo, akatazama mkono wake mwenyewe kwa muda mrefu. "Subhanallah," akasema. "Nani amekaa akazitarizi hizi?"

Usiku ule niliwasimulia habari za Wilson Bentley, mkulima wa kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont. Mama yake alikuwa amewahi kuwa mwalimu, na alimsomesha nyumbani mpaka alipofikisha miaka kumi na minne. Hadubini ya zamani ya mama huyo ndiyo iliyomwonyesha kijana chembe ya theluji kwa mara ya kwanza. Alijaribu kuzichora, zikawa zinayeyuka kabla hajamaliza. Wazazi wake wakamnunulia kamera, fedha nyingi kwa nyumba ya wakulima, na tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka kumi na tisa, alipata picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji kupitia hadubini. Alifanya hivyo kila majira ya baridi maisha yake yote, katika banda lisilo na moto, akapiga picha zaidi ya 5,000. Hakuacha kulima. Kitabu chake chenye picha zaidi ya 2,400 kilitoka mwaka 1931, na mwezi Desemba mwaka huohuo alifariki.

Binti yangu aliuliza alizikamataje. Nikamwambia alikinga kibao kilichopakwa rangi nyeusi. "Kama buibui la Bibi," akasema. Ndiyo, kama buibui la Bibi. Lakini mimi nilikuwa nikimfikiria yule mama wa Vermont na hadubini yake kuukuu. Duniani tunamkumbuka mwana. Aliyempa mtoto chombo chake mwenyewe ni mama.

Baada ya hapo Mama hakuiogopa tena theluji, na Januari aliitia kazini. Alikoroga ukwaju na sukari, akachuja, akamimina katika vifuko vidogo vya plastiki, akafunga fundo kama alivyokuwa akifunga zamani, akavipanga kwenye ngazi za nyuma na kuvifunika sinia. Jioni hiyohiyo vilikuwa vigumu kama jiwe. Watoto wakala barafu ya ukwaju wakiwa wamevaa masweta, migongo yao imeegemea hita, na Mama akiwa na ukili mkononi akaanza kueleza.

Aliwaambia kwamba kule Tanga barafu ndiyo iliyonisomesha. Kwamba baada ya baba yangu kufariki alinunua friza kwa mkopo wa kikundi cha wanawake, na kila alfajiri alitoa vifuko mia, nikabeba kindoo kwenda kuviuza kwenye lango la shule kabla ya kengele. Kwamba umeme ukikatika usiku, asubuhi alikuwa na ndoo ya maji matamu na hasara ya siku nzima. Kuna mwaka umeme ulikatika siku tatu, akauza pete yake ili nisifukuzwe kwa ada. Hilo la pete sikulijua. Nina miaka arobaini na mbili, na nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye sakafu ya Minneapolis, kwa sababu mtoto alikuwa na barafu kinywani na Bibi alikuwa na ukili mkononi, macho ya kila mmoja yako kwenye kitu chake, na neno likapata njia ya kupita katikati.

Hapo nilielewa kosa langu la mwaka 2019. Nilidhani kukaa ndani pamoja kunatosha. Kunahitajika kitu katikati, kitu kinachoshikwa, chenye kuchukua muda, kisichotaka akili yote. Ukili, uzi wa kufuma, unga wa maandazi, bao, kokoto, gogo la kuchonga. Mikono ikipata kazi, ulimi unalegea. Bibi zetu walijua hivyo. Hadithi za paukwa pakawa zilisimuliwa kunde zikipukuchuliwa na mchele ukichaguliwa, na ukiondoa ungo mapajani, hadithi nayo huondoka.

Mume wangu hakusuka ukili. Yeye alikulia Pangani, mtoto wa mvuvi, na siku moja alimchukua kijana wetu wakaenda Ziwa Nokomis, ndani ya jiji hilihili. Jimbo letu la Minnesota lina maziwa 11,842 yenye ekari kumi au zaidi, na Januari mengi ni sakafu nyeupe. Kabla ya kukanyaga walipima. Mamlaka ya maliasili ya jimbo hushauri inchi nne za barafu ngumu, karibu sentimita kumi, kwa mtu anayetembea kwa miguu, nao walikuta zaidi ya hizo. Wakatoboa kwa keekee kubwa ya barafu, maji meusi yakapanda tunduni, wakashusha mshipi na chambo, wakaketi juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa.

Ziwa haligandi mpaka chini, na sababu yake ni rehema kubwa. Maji huwa mazito kuliko yote yakifika nyuzi nne, hivyo yaliyo na nyuzi nne huzama na kukaa chini, yaliyo baridi zaidi hubaki juu, na barafu, iliyo nyepesi kuliko maji, huelea kama paa. Chini ya paa hilo samaki wanaishi majira yote. Mume wangu alimweleza mwanawe hayo, kisha akamweleza ngalawa ya babu yake, na namna ya kuusikia mshipi kwa kidole cha shahada. Kijana wa miaka kumi na minne, ambaye kwa mwaka mzima alitujibu "sawa" na "sijui", alimwambia baba yake kwenye ndoo ile kwamba shuleni kuna wanafunzi wanaomcheka kwa jina lake. Alisema akiwa anatazama tundu. Baba yake naye akajibu akiwa anatazama tundu. Walirudi na samaki watatu wadogo, na mzigo mmoja kijana alikuwa ameshautua.

Mama aliwakaanga wale samaki, akaonja, akasema hawana chumvi ya bahari lakini ni watamu. Kiswahili huwaita samaki wa maji baridi. Hakuna aliyewahi kula waliostahili jina hilo kuliko sisi.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba majira ya baridi ni sherehe. Watu huteleza wakavunjika nyonga; nawaona kazini. Ukosefu wa jua huingia moyoni, na kuna wenzetu ambao huzuni hiyo imewalaza kitandani. Msimu ule wa 2022/2023 jiji letu lilipata takriban inchi 90 za theluji, msimu wa tatu kwa wingi tangu vipimo vianze, na sheria ya jiji humtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kukoma. Tulishika beleshi mpaka viganja vikaota sugu. Kijana wetu alisafisha pia mbele ya jirani yetu mzee anayeishi peke yake, kwa sababu Mama alimuuliza swali moja tu asubuhi: "Na yule, nani anamtolea?"

Kule kazini kuna bibi mmoja aliyeshikwa na maradhi ya kusahau. Majina ya wanawe yameshamtoka. Hajui ni mwaka gani wala kama ameshakula. Lakini ukimpa uzi na sindano za kufumia, vidole vyake vinaanza vyenyewe, safu baada ya safu, bila kukosea sana, na uso wake unatulia. Nimekaa naye usiku mwingi nikimtazama. Mambo aliyoambiwa maishani yameondoka kwanza. Alichofundishwa kwa mkono, akiwa mtoto, na mtu aliyeketi karibu naye, bado kipo. Nikirudi nyumbani alfajiri huutazama ukili wa binti yangu ulioviringishwa kwenye taulo bafuni, nikajua ninatazama kitu kitakachokaa.

Mama aliondoka Machi 2023, theluji ikiwa bado imerundikana kando ya barabara. Ukili mkubwa aliokuwa akiusuka ulikuwa umefika pima kumi na nne. Hakuubeba. Aliuviringisha, akaufunga kwa mwaa, akauweka juu ya kabati la mjukuu wake pamoja na ukindu uliobaki.

Majira ya baridi yaliyofuata hayakuwa na theluji ya kutosha. Yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kupimwa Minnesota, na maziwa mengi yalichelewa kuganda. Jioni, hata hivyo, zilianza saa kumi na nusu vilevile, na jioni ya kwanza ya Desemba binti yangu alijaza bakuli maji bila kuambiwa, akatandika kanga, akaketi. Kaka yake akaja na bao. Kwa hiyo nawaomba wazazi wenzangu mnaolea katika nchi za theluji, na nyinyi mlioko nyumbani ambako mvua ya masika huwafungia ndani: msingoje watoto wazungumze. Leteni kitu cha mikono ambacho mlifundishwa nanyi, mketi sakafuni, muanze, na muache nafasi pembeni.

Ukili wa Mama sasa una pima kumi na saba. Tatu za mwisho zimelegea kidogo, na ni za mjukuu wake.